Fremu Kwanza: Kuchagua na Kuboresha Baiskeli ya Barabarani ya Feleji

Baiskeli ya barabarani ni ile iliyoundwa kwa mwendo wa kasi na safari ndefu juu ya lami, yenye magurudumu mepesi, usukani uliopinda kwenda chini pande zote mbili, na gia zinazobadilishwa kwa diraila, yaani mkono mdogo wenye chemchemi unaohamisha cheni kutoka sahani moja ya meno hadi nyingine. Mnunuzi wa Afrika Mashariki mwenye bajeti ndogo hukutana nayo kwa namna mbili: ama mpya ya daraja la chini, ama kuukuu ya miaka ya 1980 na 1990 iliyoshushwa bandarini pamoja na mitumba mingine kutoka Ulaya au Japani. Katika namna zote mbili fremu mara nyingi huwa ya feleji, yaani chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo, na wakati mwingine na madini mengine ya kukiongezea nguvu. Sura hii inatetea msimamo kwamba thamani ya baiskeli ya namna hiyo imo zaidi katika vipimo vya fremu yake kuliko katika vipuri vilivyofungwa juu yake siku ya kununuliwa, kwa sababu vipuri huchakaa na kubadilishwa, ilhali vipimo vya fremu ndivyo vinavyoamua ni vipuri gani vitakavyoweza kufungwa kwa miaka mingi ijayo.

Feleji ni nzito. Sentimita moja ya ujazo wake ina takribani gramu 7.85, wakati ya alumini ina gramu 2.7 tu, na ndiyo maana watengenezaji wa baiskeli za mashindano waliiacha katika miaka ya 1990 wakahamia kwanza kwenye alumini na baadaye kwenye nyuzi za kaboni. Hata hivyo feleji ina sifa mbili ambazo mtumiaji wa kawaida anazihitaji kuliko mshindani. Ya kwanza ni kwamba huvumilia kupindwa na kunyooshwa mara nyingi bila kuchoka, maadamu mzigo haujavuka kiwango fulani, na inapoharibika aghalabu hutoa dalili kabla ya kukatika, kwa ufa unaoonekana au rangi iliyokunjamana. Ya pili ni kwamba inaweza kurekebishwa vipimo vyake ikiwa baridi, jambo litakaloelezwa mwishoni mwa sura hii na ambalo halifai kabisa kujaribiwa kwenye alumini wala kaboni.

Feleji zenyewe hutofautiana kwa madaraja, na hapa ndipo wauzaji wengi huwapotosha wateja bila hata kukusudia. Watu husikia kwamba feleji bora ni “ngumu zaidi” na kudhani kwamba fremu yake hainesi, lakini unesaji wa feleji zote, za bei ya chini na za bei ya juu, karibu unalingana, na kinachotofautiana ni nguvu, yaani kiasi cha mzigo ambao chuma hubeba kabla ya kupinda moja kwa moja. Feleji yenye nguvu zaidi humruhusu mtengenezaji kupunguza unene wa kuta za bomba, na kutokana na wembamba huo hupatikana wepesi pamoja na ule unyumbufu ambao wapandaji huusifu. Daraja la chini ni feleji ya kaboni ya kawaida, ambayo kwenye stika za fremu huandikwa “Hi-Ten”, na hutengenezwa kwa mabomba yenye ukuta mnene. Juu yake ipo kromoli, yaani feleji iliyochanganywa na kromu na molibdeni, ambayo mara nyingi hutambulishwa kwa namba 4130. Katika historia ya baiskeli, mchanganyiko uliopata sifa kubwa kuliko yote ni 531 wa kampuni ya Reynolds ya Birmingham, Uingereza, uliotolewa mwaka 1935 na ambao ulitumia manganizi na molibdeni. Mshindani wake mkubwa alikuwa Columbus wa Milano, Italia. Reynolds hao hao ndio waliosajili mwaka 1897 hataza ya mabomba yenye unene usiolingana, ambayo ni manene kwenye ncha yanakolehemiwa na membamba katikati ambako mkazo ni mdogo, kwa mfano milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati, na mbinu hiyo ingali ikitumika hadi leo.

Stika ikiwa imebanduka, au rangi ikiwa imepakwa upya, kipo kipimo kimoja kinachosema ukweli mwingi, nacho ni kipenyo cha nguzo ya tandiko. Bomba la tandiko la fremu ya kawaida ya feleji lina kipenyo cha nje cha milimita 28.6, kwa hiyo nguzo ya milimita 27.2 inapoingia sawasawa ndani yake, hesabu inaonyesha kwamba ukuta wa bomba hauzidi milimita 0.7, na hiyo ni dalili ya feleji yenye nguvu. Nguzo ya milimita 25.4 au 26 inaashiria ukuta unaokaribia au kuzidi milimita 1.3, na fremu ya namna hiyo karibu daima ni ya daraja la chini. Nguzo nyingi huchongwa namba hiyo karibu na mstari wa mwisho wa kuinuliwa, kwa hiyo mnunuzi anahitaji tu spana ya kuilegeza. Kwenye baiskeli mpya inafaa kusoma stika kwa makini, kwa kuwa zipo ambazo kromoli imetumika kwenye mabomba matatu makuu tu, huku mabomba ya nyuma na foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, yakiwa ya feleji ya kawaida. Hilo si udanganyifu mradi limeandikwa, na kwa bei ya chini ni maafikiano yanayokubalika.

Je, tofauti hiyo ya daraja inastahili kulipiwa? Fremu ya kromoli ya ukubwa wa wastani huwa na uzito wa takribani kilo 2, na ya feleji ya kawaida huizidi kwa kama kilo moja. Mpandaji wa kilo 70 aliye juu ya baiskeli ya kilo 11, akiwa na maji na vifaa vya kilo 2, anapandisha mlimani kilo 83, na kupunguza kilo moja ni kupunguza asilimia 1.2, ambayo katika mlima wa saa nzima ni kama sekunde 43. Kwenye tambarare faida hiyo haionekani kabisa, kwani huko adui mkubwa ni upepo, ambao ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kromoli basi inunuliwe kwa raha na uimara wake pale inapopatikana kwa nyongeza ndogo ya bei, lakini fremu ya feleji ya kawaida yenye ukubwa unaomfaa mpandaji ni bora mara nyingi kuliko fremu ya 531 iliyomzidi.

Ukubwa ndilo suala ambalo haliwezi kurekebishwa kwa kipuri chochote, na kwa sababu hiyo linapaswa kumaliza mjadala kabla ya rangi, jina la kampuni au idadi ya gia. Kanuni iliyopata umaarufu kupitia kocha Mfaransa Cyrille Guimard na mwanafunzi wake Mmarekani Greg LeMond, mshindi wa Tour de France mara tatu, huanza na urefu wa mguu kwa ndani: mpandaji husimama ukutani bila viatu, kitabu kikabanwa juu kati ya mapaja, na umbali kutoka sakafuni hadi kwenye kitabu ukapimwa. Urefu huo ukizidishwa kwa 0.883 hutoa kimo cha tandiko kutoka katikati ya ekseli ya krenki, yaani mikono inayoshika pedeli, na ukizidishwa kwa 0.65 hutoa urefu wa bomba la tandiko kwa kipimo cha katikati hadi katikati. Mwenye mguu wa sentimita 80 atatafuta basi fremu ya sentimita 52 na kuweka tandiko kwenye sentimita 70.6. Kanuni hii ni ya kuanzia tu, na watu wenye kiwiliwili kifupi na miguu mirefu huiona ikiwapa baiskeli ndefu kupita kiasi, kwa sababu tandiko huinuliwa na kushushwa kwa urahisi ilhali urefu wa bomba la juu haubadiliki. Mpandaji anayelazimika kunyoosha viwiko kabisa ili afikie breki, au anayesikia mabega yakimwelemea baada ya nusu saa, anaweza kusaidiwa na shingo ya usukani iliyo fupi kwa sentimita mbili au tatu, lakini zaidi ya hapo baiskeli huanza kuyumba mikononi, na ni busara kuitafuta fremu nyingine.

Fremu iliyotumika hukaguliwa kwa macho, kwa vidole na kwa uzi. Sehemu ya kutiliwa shaka kwanza ni ile iliyo nyuma ya bomba la usukani, upande wa chini wa mabomba ya juu na ya mshazari, ambako baiskeli iliyogonga kitu kwa mbele huacha uvimbe mdogo au rangi iliyokunjamana, na kidole huutambua uvimbe huo hata pale rangi mpya ilipoufunika. Foku huangaliwa kwa ubavu, ili kuhakikisha kwamba sehemu yake ya juu imelingana na mstari wa bomba la usukani kabla ya kuanza kupinda mbele. Kisha uzi hufungwa kwenye mfereji wa ekseli wa nyuma upande mmoja, ukapitishwa mbele ya bomba la usukani na kurudishwa upande wa pili, na umbali kati ya uzi na bomba la tandiko ukapimwa kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja au mbili si neno, lakini inapozidi hapo baiskeli hiyo inahitaji kunyooshwa, na bei yake inapaswa kupungua kwa kiasi cha gharama ya kazi hiyo.

Kutu nayo ina mahali pake pa kujificha. Ile ya juu juu, inayofutika kwa msasa, haina madhara makubwa, bali iliyo hatari ni ile inayokula bomba kutoka ndani, hasa chini karibu na ekseli ya krenki ambako maji ya mvua hutuama, na kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina chumvi, ukaguzi huu si wa kuahirishwa. Nguzo ya tandiko ikiondolewa, tochi humulikwa ndani ya bomba, na baiskeli ikipinduliwa hutikiswa kusikiliza kama vipande vya kutu vinacheza. Nguzo isipotoka kabisa, mnunuzi awe na tahadhari kubwa, kwani alumini ikikaa ndani ya feleji kwa miaka bila grisi, na chumvi ikiwapo, metali hizo mbili hushikana kwa kutu ya kikemia ambayo wakati mwingine haiachii hadi nguzo ikatwe kwa msumeno. Aliyekwisha kununua fremu nzima anaweza kuilinda kwa gharama ndogo kwa kupaka grisi kila mahali ambapo metali mbili zinakutana na kumwaga mafuta ya kitani ndani ya mabomba, kuigeuzageuza fremu ili yaenee, na kuyaacha yakauke.

Inasemwa mara nyingi kwamba fremu ya feleji inaweza kulehemiwa na fundi yeyote wa mtaani, na kauli hiyo inahitaji kuwekewa mipaka. Bomba nene la baiskeli ya mizigo, kama zile za Phoenix, Avon au Hero zinazobeba mikaa na ndizi kila siku, huvumilia mashine ya umeme ya kulehemia mageti, lakini ukuta wa milimita 0.6 hutobolewa na mashine hiyo au huchomwa hadi ukapoteza nguvu pembeni mwa mshono, na baiskeli hukatika upya sentimita moja kutoka pale ilipotengenezwa. Fremu za zamani ziliunganishwa kwa kuyeyusha shaba nyeupe au fedha ndani ya vifundo vya chuma, kwa joto lisilofikia la kuyeyusha bomba lenyewe, na fundi anayemiliki mtungi wa gesi na anayejua kulehemu kwa shaba ndiye wa kukabidhiwa. Mafundi wa namna hiyo wapo katika miji mingi, na mara nyingi ni wale wanaotengeneza rejeta na mabomba ya majokofu.

Vipimo vinavyofungua na kufunga milango

Baada ya ukubwa na uzima wa fremu vinakuja vipimo vitatu ambavyo muuzaji huwa havitaji na ambavyo huamua kama vipuri vitapatikana: kipenyo cha rimu, upana wa nyuma, ambao utaelezwa mwishoni pamoja na magurudumu, na uzi wa skrubu wa bomba la krenki. Kipenyo cha rimu ndicho chenye mkanganyiko mkubwa, kwa kuwa majina ya biashara yamepishana na ukweli kwa zaidi ya karne. Baiskeli za kisasa za barabarani hutumia rimu iitwayo 700C, ambayo kipenyo chake mahali tairi linapokaa ni milimita 622. Baiskeli za mizigo na za kizamani zilizoenea Afrika Mashariki hutumia tairi lililoandikwa 28 × 1½, na rimu yake ni milimita 635, hivyo tairi hilo halikai kwenye rimu ya 700C, ingawa baadhi ya wauzaji huyaita yote mawili “namba 28”. Baiskeli nyingi za bei nafuu za barabarani zilizotengenezwa hadi miaka ya 1980 kwa ajili ya Uingereza na Marekani zilitumia rimu ya inchi 27, ambayo ni milimita 630. Mnunuzi asitegemee jina, bali atafute ubavuni mwa tairi namba mbili zilizotenganishwa na kistari, kwa mfano 28-622, ambazo ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha rimu, vyote kwa milimita.

Fremu ya inchi 27 haifai kukataliwa kwa sababu hiyo, kwani gurudumu la 700C huingia ndani yake bila shida, na kwa kuwa rimu hupungua kwa milimita 4 kila upande, hubaki nafasi ya kuweka tairi pana zaidi. Sharti ni kwamba breki ziweze kushuka milimita 4 za ziada, na kama hazifiki zitahitajika breki zenye mikono mirefu, zile za milimita 47 hadi 57 badala ya 39 hadi 49, kipimo hicho kikichukuliwa kutoka kwenye bolti ya breki hadi katikati ya mpira wake.

Uzi wa bomba la krenki ndio unaoweza kumtesa mtu. Kipimo cha Kiingereza, ambacho ndicho kimeenea duniani, ni inchi 1.37 kwa nyuzi 24 kila inchi, na kikombe cha upande wa cheni hufunguliwa kinyume, yaani kwa kukizungusha kama mshale wa saa. Fundi asiyelijua hilo hutumia nguvu upande usio sahihi na kuharibu fremu nzima kwa dakika moja. Kipimo cha Kiitalia ni kipana zaidi na vikombe vyake vyote viwili hufunguliwa kwa njia ya kawaida. Peugeot za Ufaransa zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980, ambazo ni nzuri kwa macho na nyepesi mikononi, zina kipimo cha Kifaransa ambacho kimeachwa, na pamoja nacho nguzo, shingo ya usukani na hata pedeli zenye vipimo vya peke yake. Raleigh za bei nafuu za Nottingham nazo zilikuwa na nyuzi 26 kila inchi, na bomba pana kuliko kawaida. Baiskeli hizo zinafaa kwa anayezikuta zikiwa kamili na zinazunguka vizuri, lakini anayepanga kuziboresha hatua kwa hatua ajue kwamba kila hatua itamgharimu mara mbili.

Mpangilio wa matumizi

Fedha ya kwanza ya kuboresha inapaswa kwenda kwenye matairi, na hili halina ubishi mkubwa miongoni mwa watu wanaoendesha baiskeli kila siku. Tairi jembamba lililojazwa upepo hadi kuwa kama jiwe lilidhaniwa kwa miaka mingi kuwa ndilo lenye kasi, lakini vipimo vya maabara na vya barabarani vimeonyesha kwamba tairi pana kidogo lenye kuta laini hupoteza nishati sawa au pungufu, kwa sababu hupokea mkwaruzo wa lami bila kuirusha juu baiskeli na mpandaji wake. Kwa barabara zenye viraka, matuta na vipande vya kokoto, upana wa milimita 28 au 32 ndio unaofaa pale fremu inaporuhusu, na mpandaji wa kilo 70 anaweza kulijaza tairi la milimita 28 kwa upepo wa kama psi 70 hadi 80 badala ya zile 110 zinazoandikwa ubavuni kama kikomo. Tairi jipya la ubora wa kati hubadilisha tabia ya baiskeli kuliko kipuri kingine chochote cha bei hiyo, na pancha hupungua.

Breki hufuata. Mipira ya breki iliyokaa miaka thelathini huwa imekauka na kung’aa, na kuibadilisha pamoja na waya zake ni kazi ya saa moja. Gamba la nje la waya wa breki limesokotwa kwa duara ili lihimili mgandamizo, wakati la gia lina nyuzi zilizonyooka kwa urefu, na la gia likiwekwa kwenye breki linaweza kupasuka mpandaji anapokamata breki kwa nguvu mteremkoni, kwa hiyo fundi asiruhusiwe kulitumia hata kama ndilo pekee lililobaki dukani. Rimu za chuma zilizopakwa kromu ni suala jingine, kwani zinapolowa mvua breki huteleza juu yake bila kukamata, na hakuna mpira unaoliondoa tatizo hilo kabisa. Mwenye rimu hizo anayeishi mahali pa mvua na milima ahesabu rimu za alumini kuwa ni lazima.

Krenki za zamani zilizofungwa kwa kotapini hazihitaji kuondolewa mradi pini zinakaza, ingawa anayeweza kupata ekseli ya pembe nne yenye beringi zilizofungwa ndani yake atapumzika kupaka grisi na kupanga golori kila baada ya msimu wa mvua.

Gia zinastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu baiskeli za mbio za zamani zilipangwa kwa vijana wenye mazoezi na kwa barabara za Ulaya, si kwa mtu anayekwenda kazini au anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Baiskeli ya kawaida ya mwaka 1985 ilikuwa na sahani za mbele zenye meno 52 na 42 na sahani kubwa ya nyuma yenye meno 24, hivyo katika gia yake nyepesi kabisa kila mzunguko wa pedeli huisogeza mbele mita 3.7. Mpandaji akizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, ambao ni mwendo wa chini unaovumilika na magoti, analazimika kwenda kilomita 13 kwa saa, na katika mlima wa asilimia 8, yaani unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, yeye na baiskeli yake wakiwa na kilo 83, kuushinda uzito peke yake kunahitaji wati 240, kiasi ambacho watu wengi hawawezi kukitoa kwa zaidi ya dakika chache. Akiwa na sahani ya mbele ya meno 34 na ya nyuma ya meno 32, mzunguko mmoja humsogeza mita 2.2, mwendo hushuka hadi kilomita 8 kwa saa, na wati zinazohitajika hupungua hadi 145, ambazo mtu mzima mwenye afya anaweza kuzitoa kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupanda mlima na kushuka kuisukuma baiskeli, iwe ni Kitonga, ni ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mai Mahiu, au ni mitaa ya Kigali ambako mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Septemba 2025 kwa mara ya kwanza barani Afrika. Kuokoa kilo moja ya fremu hakukaribii kabisa faida hiyo.

Njia ya bei ya chini ya kukaribia hapo ni kubadilisha friwili, yaani fungu la sahani za nyuma linalofungwa kwa uzi kwenye habu au kitovu cha gurudumu, kwa jingine lenye meno mengi zaidi, pamoja na cheni na diraila ya nyuma yenye mkono mrefu wa kuivuta cheni iliyolegea. Swichi za kizamani zilizo kwenye bomba la mshazari, ambazo husogezwa bila vituo maalumu, hukubali karibu diraila yoyote na idadi yoyote ya sahani, na kwa hiyo zisitupwe kwa haraka. Shimano ya Japani ilipoleta mwaka 1984 swichi zenye vituo, na mwaka 1990 swichi zilizounganishwa na mkono wa breki, ilirahisisha kazi ya mpandaji, lakini kuanzia hapo swichi, diraila na sahani zikalazimika kuchaguliwa kama seti inayolingana. Kwa anayejenga upya baiskeli ya bei nafuu, seti ya sahani 8 za nyuma bado ndiyo yenye mantiki, kwa kuwa cheni yake ni pana na hudumu, vipuri vyake ni vya bei ya chini, na kaseti zake, yaani mafungu ya sahani yanayochomekwa kwenye habu badala ya kufungwa kwa uzi, hukaa kwenye habu zilezile za sahani 9 na 10 ikiwa mmiliki ataamua kuongeza baadaye. Seti za barabarani za sahani 11 zinahitaji habu iliyorefushwa kidogo, na ni mara chache fremu ya bei hii itanufaika nazo.

Sahani mpya zisiwekwe kamwe na cheni iliyochakaa. Pini za cheni hulika na cheni hurefuka, kisha huyachonga meno yaendane na urefu wake mbaya. Rula ndiyo kipimo: pingili 12 kamili za cheni mpya, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni inchi 12, yaani milimita 304.8, zikifika milimita 306.4 cheni ibadilishwe, na zikifika 308 ni karibu yakini kwamba sahani za nyuma nazo zimekwisha kuharibika. Anayepima kila mwezi hununua cheni tatu au nne kabla ya kununua kaseti moja.

Magurudumu huja mwisho kwa sababu ndiyo ghali, na kwa sababu hapo ndipo upana wa nyuma wa fremu unapoingia. Fremu za sahani 5 zilikuwa na milimita 120 kati ya mifereji ya ekseli, za sahani 6 na 7 zikawa na 126, na habu za kisasa za barabarani zenye breki za rimu zina 130. Hapa feleji inampa mmiliki wake kitu ambacho alumini na kaboni hazikitoi, kwani fremu ya milimita 126 inaweza kupanuliwa ikiwa baridi hadi 130 kwa kupinda kila upande milimita 2 tu. Fundi Mmarekani Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008 baada ya kutumia miaka mingi kuwaeleza watu wa kawaida ni kipuri gani kinaingiliana na kipi, alieneza njia ya kuifanya kazi hiyo kwa ubao mrefu uliopitishwa ndani ya fremu na kushindiliwa kidogo kidogo, upande mmoja kwanza kisha wa pili, huku uzi ukipima kila hatua, kwa sababu upande ulio dhaifu hupenda kupinda peke yake na kulihamisha gurudumu nje ya mstari. Upana ukishafika 130, mifereji ya ekseli huwa haitazamani tena sawasawa, na inapaswa kurudishwa kwa spana kubwa hadi ilingane, la sivyo nati zikikazwa zitaipinda ekseli, na itakatika kabla rimu mpya hazijapata mkwaruzo wa kwanza.